Re: msimamizi mwenye h ya 12 au mwenye 40?

Mdogo wangu, unachagua msimamizi wa utafiti wako, umesema mmoja anafanya utafiti wa tabia za nyani ana h ya 12 (h-index, namba ya kupima pepa za mtu zinavyonukuliwa), mwingine wa upande wa tiba ana 40, unaona wa pili ndo mkali. Taratibu kwanza. Hiyo h aliibuni Hirsch mwaka 2005, yeye ni mtu wa fizikia, na h ya 12 maana yake ni kwamba una pepa 12 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 12, basi. Haisemi nani kafanya kazi gani.

Watu wa tiba ni wengi, wanaandika haraka na kunukuana sana, huku wa tabia za wanyama anaweza kukaa porini miaka kibao ndo apate data ya pepa moja, so ukiwalinganisha hivyo unamwonea. Cheki ile pepa ya jarida la Nature ya 2009 kuhusu sokwe wa Gombe kuugua kama UKIMWI kwa sababu ya SIV (virusi vya nyani na sokwe vinavyofanana na VVU), ina waandishi zaidi ya 20 na kila mmoja anahesabiwa saiteshoni (kunukuliwa) zote, awe aliongoza au alichangia kidogo tu.

Alafu Google Scholar, ile ya kutafuta pepa na kuhesabu h, huwa inachanganya majina yanayofanana, nimeshaona profaili ya mtu wa mifugo ina pepa za moyo, sijui za nani 😂

Angalia pepa zao za miaka mitano hivi, na wanafunzi wao wanatokea waandishi wa kwanza au la. Hao wanafunzi watafute uwaulize kama msimamizi wao huwa anawajibu imeili.