Zulia la Sufu Halifuliwi Kama Shuka

Zulia la sebuleni kwetu lilikuwa likigusa ukuta pande zote mbili. Baada ya mimi kulifua, lilipungua kwa upana wa kiganja, pembe zikajikunja kuelekea juu, na katikati pakatokea michirizi ya kahawia ambayo haikuwapo kabla. Lilikuwa zulia la mama. Nililimwagia maji ndoo baada ya ndoo, nikanyunyiza sabuni ya unga, nikalisugua kwa brashi ngumu, kisha nikalianika juani nikiamini jua litamaliza kazi. Juu lilikauka siku ile ile. Chini lilibaki na unyevu kwa siku tatu. Nayaandika haya kwa sababu bado naona watu wakifanya vile vile, na zulia likishasinyaa ni vigumu mno kulirudisha lilivyokuwa.

Kwa muda mrefu nilidhani kilichosinyaa ni manyoya ya juu. Mara nyingi si hayo. Mazulia mengi ya sufu yana mgongo wa juti, zile nyuzi za magunia, au wa pamba. Uzi wa juti ukinywa maji hunenepa, na kwa kuwa umesukwa juu na chini ya nyuzi nyingine, ukinenepa hulazimika kujipinda zaidi, hivyo hufupika na kulivuta zulia zima. Ile kahawia nayo hutoka humo humo. Juti ina rangi yake ya asili, na maji yanapopanda ili yakauke juu, huibeba mpaka kwenye ncha za manyoya. Kwa hiyo ukiweza kuyazuia maji yasifike mgongoni, umeepuka madhara yote mawili.

Sufu yenyewe ina mambo yake. Kila unyoya una magamba madogo sana. Maji ya moto, sabuni kali na kusugua kwa nguvu vikikutana, magamba hayo hung'ang'aniana na manyoya yakagandamana, na hapo hakuna chanuo litakaloyatenganisha. Tena sufu humdanganya mtu: inaweza kubeba unyevu unaokaribia asilimia 30 ya uzito wake, na bado ukiigusa usihisi maji. Kwa sababu hiyo siuamini mguso wa juu hata kidogo.

Kazi kubwa ifanye zulia likiwa kavu. Ningeomba msomaji alichukue hili kuliko mengine yote. Mchanga ulioshuka kwenye mashina ya manyoya huyakata kidogo kidogo kila mtu anapokanyaga, na ukiulowesha unageuka tope unalolisukuma ndani zaidi. Geuza zulia kifudifudi, lipigepige mgongoni, liinue, fagia kilichoanguka, rudia. Utashangaa kinachotoka katika zulia uliloliona safi. Kisha ligeuze na upitishe mashine ya kufyonza vumbi polepole, kwanza kufuata urefu, halafu upana. Kama mashine yako ina brashi inayozunguka, izime au uinyanyue, maana hung'oa manyoya. Mara nyingi nikimaliza hapo naona halihitaji maji kabisa, nalitandika.

Likihitaji, chagua sabuni kwa uangalifu. Sufu ni protini kama nywele zetu. Inastahimili vizuri sabuni ambayo pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali ambapo 7 ni katikati, ni kati ya 5 na 8, ilhali sabuni nyingi za unga hupita hapo mbali, na baadhi zina vimeng'enya vilivyowekwa makusudi kuvunja madoa ya protini. Vimeng'enya hivyo havitofautishi doa la yai na zulia lako. Dawa za klorini usizisogeze kabisa, huyeyusha sufu. Mimi hutumia sabuni ya maji ya kufulia sufu, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, yasiyozidi nyuzijoto 30. Kabla ya yote, bana kitambaa cheupe chenye unyevu kwenye kona iliyofichika kwa dakika moja. Kikitoka na rangi, acha, mpelekee fundi.

Sasa koroga maji yale mpaka yatoe povu jingi, na uchukue povu tu kwa sponji iliyokamuliwa. Maji yabaki kwenye beseni. Shughulikia eneo dogo, la upana wa viganja viwili, ukifuata mlalo wa manyoya bila kuzungusha mkono. Fuata kwa kitambaa cheupe kilichokamuliwa katika maji safi yenye siki kidogo, vijiko viwili vya chakula kwa lita, ili kuondoa sabuni. Sabuni inayobaki hunata na kuvuta uchafu upya. Halafu weka taulo kavu na uligandamize kwa nguvu zako zote. Badilisha taulo mpaka litoke kavu, ndipo usogee sehemu nyingine. Inachosha, na inachukua nusu siku kwa zulia la chumba.

Kitu kikimwagika, fyonza kwanza kwa taulo, ukitoka ukingoni kuelekea katikati, bila kusugua. Damu na maziwa vitibiwe kwa maji baridi, kwani joto huvigandisha humo.

Kukausha ndiko nilikokosea zaidi siku ile. Zulia lenye unyevu usilining'inize kwenye kamba, uzito wake utalivuta na kulipinda. Jua kali nalo hupausha rangi. Liinue juu ya mabenchi ili hewa ipite chini, fungua madirisha, elekeza feni ipulize sambamba na uso wake. Lenga likauke ndani ya saa 24. Zaidi ya hapo ukungu hupata nafasi. Harufu ya kondoo isikutishe, ni sufu yenye unyevu tu na itaondoka. Harufu chachu ndiyo mbaya. Na kama huna budi kurudisha samani mapema, weka vipande vya plastiki chini ya miguu yake, kwa kuwa mbao hutoa rangi na chuma hutoa kutu.

Ukimwita fundi mwenye mashine, muulize mapema atafyonza mara ngapi bila kunyunyiza maji baada ya kuosha. Akikuambia litakauka lenyewe, tafuta mwingine.

Mimi siku hizi sitandiki mpaka nimeingiza kiganja chini, katikati kabisa, mahali ambapo hewa huchelewa kufika. Nikihisi ubaridi wowote, narudisha zulia kwenye mabenchi na kuwasha feni tena.