Maikro haikaririwi, shika kalamu

Wadogo zangu mnaoanza maikro thiori (somo la uchumi linalohusu maamuzi ya mlaji na kampuni) mwaka huu na mmeshatishwa na stori za sapu (mtihani wa kurudia), mimi nimeipita na baadae nikawa nawaelekeza wenzangu kwenye diskasheni, kwahiyo ngoja niwaambie kinachosaidia kweli.

Tatizo la wengi sio hesabu aisee. Kuna watu wametoka kidato cha sita na hesabu kali kabisa, wanapiga Lagranji (njia ya hesabu ya kutafuta chaguo bora ndani ya kikomo) mpaka mwisho, sasa muulize hilo jibu maana yake nini, anakutolea macho tu. Shida ni kwamba mtu anakimbilia kudiferenshieti kabla hajajua swali linamhusu nani. Kabla hujagusa kalkyuleta andika pembeni vitu vitatu: nani anachagua, anachagua nini, na kinambana nini. Mlaji anachagua kiasi cha kununua ila bei na kipato kavikuta tu. Kampuni ndogo kwenye soko la ushindani nayo bei imeikuta, monopoli (muuzaji pekee sokoni) ndo mwenye jeuri ya kupanga. Andika kwa Kiswahili chako, ni karatasi ya rafu hiyo hakuna anayekusahihishia.

Sasa tengeneza namba zako mwenyewe. Mfano mtu ana sh 10,000, kilo ya sembe 2,000 na maharage 4,000, yutiliti yake (kipimo cha kuridhika) ni Cobb-Douglas, yaani fomula inayozidisha kiasi cha kila bidhaa kikiwa na kipeo chake, kipeo cha sembe 0.6 na cha maharage 0.4. Hapo huhitaji hata Lagranji, asilimia 60 ya hela inaenda kwenye sembe na 40 kwenye maharage, kwahiyo kilo 3 na kilo 1. Pandisha sembe iwe 3,000. Sembe inashuka kilo 2, maharage yanabaki kilo 1 ile ile, na hapa ndo watu huanza kubishana mbona maharage hayajasogea.

Yamesogea, tena mara mbili. Fanya alivyofanya mchumi Slutsky mwaka 1915, mwongezee hela aweze kununua kapu lake la zamani kwa bei mpya, yaani 13,000. Akiwa na hiyo atachukua sembe kilo 2.6 na maharage 1.3, hiyo ndo athari ya mbadala peke yake, yaani kuhamia kilichokuwa nafuu zaidi. Mnyang'anye ile 3,000 ya nyongeza, sembe inashuka mpaka 2 na maharage yanarudi 1, hiyo ni athari ya kipato. Kwenye maharage zimekatana zikaisha. Ukifanya hili kwa mkono wako huku unachora na mstari wa bajeti, desa (notsi) la kurasa kibao halitakushinda.

Na tafadhali msiandike kwenye mtihani kwamba sembe ni Giffen (bidhaa ambayo bei ikipanda watu wananunua zaidi) eti kwa sababu ni chakula cha maskini, kuwa chakula cha maskini peke yake hakutoshi, inabidi athari ya kipato iizidi nguvu ile ya mbadala, na hiyo ni nadra sana. Wachumi Jensen na Miller walichapisha ushahidi wao 2008 kutoka Hunan, China, ambako familia maskini zilipunguziwa bei ya mchele zikanunua mchele pungufu.

Ilastisiti (bei ikibadilika watu wanabadili manunuzi kiasi gani) na kodi mbona mifano tunayo hapa hapa. Julai 2021 Tanzania iliweka tozo ya miamala ya simu, watu wengi wakarudi kushika kashi, Septemba tozo ikapunguzwa asilimia 30. Chora hiyo: nani aliubeba mzigo, mteja au wakala, na ile miamala iliyopotea inakaa wapi kwenye mchoro. (Hapo kwenye kapembetatu ka hasara, faida iliyopotea bila kwenda kwa yeyote.)

Pasti pepa zifanye ukiwa umefunika majibu. Kusoma solusheni huku unatikisa kichwa ni kujidanganya, kila hatua inaonekana rahisi mwenzako akishaiandika.

Gemu thiori (nadharia ya maamuzi ya watu wanaotegemeana) huwa inakuja mwishoni mwa semista watu wameshachoka wanairuka, wakati ndo maksi za bure zilipo. Kwenye jedwali la malipo ya wachezaji wawili chukua kila uamuzi wa mchezaji wa pili, pigia mstari jibu bora la wa kwanza, kisha geuza ufanye hivyo kwa wa pili. Kisanduku chenye mistari miwili ndo Nash yako, yaani hakuna anayefaidika akibadili uamuzi peke yake, na vikitokea viwili andika vyote, usichague unachokipenda.