Wasomaji Wanauliza: Kabla Hujanunua Franchaizi

*Nipo Minneapolis, nafanya kibarua cha usafi wa ofisi. Kampuni moja inaniuzia franchaizi, yaani nifanye kazi kwa jina lao: natanguliza dola 15,000, wao wananipa wateja wa dola 4,000 kwa mwezi. Wanataka nisaini Ijumaa hii. Nifanyeje?*

Ijumaa usisaini. Kanuni ya shirikisho la Marekani inamtaka mwuzaji akupe hati ya maelezo ya franchaizi angalau siku 14 kabla hujasaini wala kulipa chochote. Hati ina vipengele 23, na serikali ya shirikisho haihakiki yaliyomo. Kazi hiyo ni yako. Minnesota ni kati ya majimbo yanayotaka franchaizi isajiliwe kwanza, na hati zake husomwa bure kwenye tovuti ya Idara ya Biashara ya jimbo. Linganisha nakala ya huko na uliyopewa.

Wengi hukimbilia kipengele cha 7, chenye makadirio ya mtaji wa kuanzia. Sisi tungeanza na cha 20. Humo mna majedwali ya miaka mitatu: waliofungua, waliofunga, waliofutiwa mkataba, waliouziana (mmoja kumwachia mwingine franchaizi yake). Ukiona "waliouziana" wengi, usifurahi upesi. Mara nyingine ni mtu aliyechoka kumwuzia mgeni asiyejua. Humo humo mna majina na mawasiliano ya waliotoka mwaka wa fedha uliopita. Wapigie hao kwanza, maana walio ndani huenda wanaogopa kusema. Waulize: wateja ulioahidiwa uliwapata baada ya muda gani? Walikaa miezi mingapi? Nani alipanga bei?

Jibu la swali la mwisho ndilo linalowaponza watu katika biashara ya usafi. Mara nyingi mkataba wa mteja ni wa kampuni, si wako. Kampuni hupanga bei ya chini ili ipate kazi, kisha wewe unafagia kwa saa zisizolipa. Ukimkataa mteja kwa kuwa yuko mbali, mikataba mingi huhesabu kwamba ahadi imetimizwa. Akiondoka kwa madai kuwa kazi ni mbovu, huenda usipewe mwingine. Vifungu hivyo vitafute kwenye mkataba wenyewe; kijitabu cha matangazo hakitakuambia.

Sasa hesabu. Asilimia hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Tuseme mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lao, ni 10% na ada ya kuwatoza wateja ankara kwa niaba yako ni 5% (viwango vyako vimo kipengele cha 6): kwenye dola 4,000 zinaondoka 600. Toa bima 100, dawa na mifuko 250, zinabaki 3,050. Ukifanya saa 160, ni kama dola 19 kwa saa, kabla ya petroli na kodi ya kujiajiri ya 15.3%. Ukiajiri msaidizi, piga hesabu upya.

Mwuzaji akikutajia faida kwa mdomo, mwonyeshe kipengele cha 19. Kampuni hailazimiki kukijaza, lakini takwimu za mapato zisizokuwamo humo hairuhusiwi kukupa. Na ukiambiwa utie saini ya udhamini binafsi, jua kwamba hata ukisajili kampuni yako, deni litakufuata wewe.

*Nataka kufungua tawi la mgahawa wa kigeni Dar es Salaam, baadaye Unguja. Je, mkataba mmoja unatosha?*

Mkataba waweza kuwa mmoja, alama ya biashara haiwi moja. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara wa Bara, haufiki Zanzibar. Huko wakala ni BPRA. Hakiki kote kuwili, hasa daraja la 43, kundi la alama za huduma za chakula, kabla hujalipia jina ambalo mwingine keshalisajili.

Kisha kodi. Mrabaha unaopelekwa nje hukatwa kodi ya zuio ya 15%, yaani kodi unayoizuia kabla ya kumlipa mwenye jina. Mkataba ukisema mwenye jina apokee kiasi kamili bila makato, kodi inakuangukia wewe: ili apate milioni 8.5, gharama yako ni milioni 10.

Mrabaha pia uhesabiwe kwenye mauzo bila VAT. Dar, ukiuza milioni 11.8 pamoja na VAT ya 18%, mauzo yako halisi ni milioni 10. Kwa mrabaha wa 6%, mkataba ukisema uhesabiwe "pamoja na" VAT badala ya "bila", kosa hilo dogo la maneno linakugharimu shilingi 108,000. Na ikiwa unalazimika kuagiza sosi au vifungashio kutoka kwao, dai kifungu kinachokuruhusu kununua vya hapa shehena inapokwama bandarini.