Usajili mbovu kuliko wote Nationals? Mimi namtetea Corbin

Wakuu, nimeusoma uzi wote tangu jana usiku. Mleta uzi kauliza mambo mawili: ni usajili gani uliowaumiza Washington Nationals, timu yetu ya besiboli, kuliko wote, na kwa nini wenye timu hawafungui pochi kipindi hiki cha baridi kama wenzao wa Los Angeles na New York. Swali la kwanza karibu kila mtu kajibu jina moja, Patrick Corbin, mrushaji mpira: dola milioni 140, miaka sita, na miaka ya mwisho akipanda kurusha tu unajua leo tumelala. Mimi napinga. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie, maana nipo huku Silver Spring tangu enzi za nyota wetu wa zamani Bryce Harper na mabishano haya nimeyafanya kazini, kwenye treni ya kijani kwenda uwanjani Navy Yard, na mara moja moja hata msibani.

Kwanza niwaweke sawa mliotoka kwenye soka, maana nimeona mdau anauliza "San Diego walilipa shilingi ngapi kumchukua Soto", yaani Juan Soto, nyota tuliyemtoa 2022. Hawakulipa ada yoyote. Huku timu haiuzi mchezaji kwa fedha kama klabu ya Kariakoo inavyomuuza straika Uarabuni. Timu hubadilishana mchezaji kwa wachezaji, na mwenyewe mara nyingi haulizwi. Anaamka Washington, jioni ana jezi ya timu nyingine. Anayeweza kugoma ni yule mwenye kipengele hicho kwenye mkataba wake, au aliyetimiza miaka kumi ligi kuu na mitano ya mwisho akiwa na timu hiyo hiyo.

Ili awe huru kwenda anakotaka, mchezaji lazima amalize misimu sita ya utumishi ligi kuu. Takriban mitatu ya kwanza analipwa karibu na kima cha chini, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata mshahara unapanda kwa mazungumzo, na wakishindwana wanaenda kwa msuluhishi. Sasa pigeni hesabu. Mtu anaingia ligi kuu na miaka 23 au 24, akifika sokoni ana 29 au 30. Ujana wake timu iliyomlea imeshautumia kwa bei ya chee. Anayemsajili Desemba analipa bei kamili ya mchezaji aliyebakiza miaka miwili mitatu ya moto, halafu iliyobaki ni kushuka, na wote mezani wanalijua hilo wanapotia saini. Ndiyo maana kumhukumu Corbin kwa mwaka wake wa tano naona ni kama hatukuelewa biashara yenyewe tangu mwanzo.

(Kabla hamjaanza ile ya "wachezaji wa huku wana tamaa": uhuru huo haukutoka mbinguni. Zamani timu ilikuwa inahuisha mkataba wa mchezaji itakavyo, maisha. Curt Flood alikataa kuhamishwa kutoka St. Louis kwenda Philadelphia mwaka 1969, akaenda mahakamani hadi Mahakama Kuu ya Marekani, akashindwa 1972. Katikati ya kesi, 1971, alicheza mechi 13 hapa hapa Washington na Senators wa zamani, akaacha. Mlango ulifunguliwa na uamuzi wa msuluhishi mwishoni mwa 1975, kwenye shauri la Andy Messersmith na Dave McNally. Flood mwenyewe hakufaidi senti ya soko hilo.)

Turudi Desemba 2018, Corbin anaposaini. Angalieni timu aliyoikuta: warushaji Max Scherzer na Stephen Strasburg, kisha Anthony Rendon, Trea Turner, na Juan Soto ambaye ndiyo kwanza ana miaka 20. Harper yuko mlangoni anaondoka. Alikuwa amepewa ofa ya milioni 300 kwa miaka kumi, sehemu kubwa ilipwe miaka ya mbele sana, akaikataa, na baadaye akaenda Philadelphia kwa milioni 330 kwa miaka 13. Washington wakaamua fedha iende kwa mrushaji wa mkono wa kushoto, na iliyobaki wakaigawa kwa watu wasiotajwa sana: Kurt Suzuki, Yan Gomes aliyekuja kwa mabadilishano, Aníbal Sánchez, Brian Dozier. Kazini kwetu hakuna aliyewashangilia hao. Tarehe 2 Aprili 2019 Harper akarudi uwanjani kwetu na jezi ya Phillies. Tukamzomea hadi koo zikakauka, Scherzer akamtoa mara mbili, na bado Harper mwisho wa siku akapiga homurani ndefu (mpira unaovuka uzio wa uwanja), Phillies wakashinda 8-2. Kurudi kwenye treni kila mtu alikuwa na hesabu yake ya jinsi wenye timu walivyotuuza.

Ilipofika Mei tulikuwa tumeshinda 19 na kupoteza 31. Yaliyofuata mnayajua: tukamaliza na ushindi 93, tukaingia mtoano kwa mlango wa nyuma, tukawatoa Brewers, Dodgers, Cardinals, na Oktoba 30 tukawa Houston kwa Astros kwenye mechi ya saba ya World Series, fainali ya ligi. Scherzer, ambaye siku tatu nyuma shingo ilikuwa imekaza hadi hakuweza kucheza, alirusha vipindi vitano kati ya tisa vya mechi akaruhusu alama mbili. Halafu mlango wa warushaji wa akiba ukafunguka, akatoka nani? Corbin. Vipindi vitatu, Astros hawakupata hata alama moja. Howie Kendrick akaugonga mpira kwenye nguzo ya pembeni ya uwanja, tukaongoza, ikaisha 6-2, na ushindi wa mechi hiyo umeandikwa kwa jina la Corbin. Kombe la kwanza la World Series Washington tangu 1924. Kabla ya hapo msimu wa kawaida alikuwa amerusha vipindi 202.

Milioni 140 zilinunua usiku ule. Kilichokuja baada ya hapo kilikuwa deni la usiku ule.

Najua mtaniletea 2022. Ndiyo, alishinda 6 akapoteza 19, na kwa kila vipindi tisa alikuwa anaruhusu alama 6.31. Ilikuwa mateso, nilikuwa nazima televisheni kipindi cha tatu. Lakini timu nzima ilipoteza mechi 107 mwaka ule! Na kitu ambacho hakuna aliyekitaja humu: kuanzia 2021 hadi 2024 Corbin alianza mechi zaidi ya 30 kila msimu. Hakujificha na jeraha, hakununa kwenye magazeti. Timu inayojengwa upya ina watoto wa miaka 22 ambao mikono yao haitakiwi kuchoshwa, na lazima mtu fulani avirushe vile vipindi. Alivirusha yeye, akizomewa.

Sasa kama mnataka usajili mbovu, nauleta. Strasburg, Desemba 2019, milioni 245 kwa miaka saba. Naandika hili kwa heshima zote, maana alikuwa mchezaji bora wa World Series ile na mechi ya sita aliibeba mgongoni. Lakini ulikuwa mkataba wa shukrani. Alikuwa na miaka 31, mkono wake ulishafanyiwa upasuaji mkubwa 2010, na kazi ya mwezi ule wa Oktoba ilikuwa imeshafanyika na kulipwa. Tangu asaini hadi anastaafu alicheza mechi nane. Nane! Mwili ulimkataa, si kosa lake, na fedha yake ni halali yake kwa sababu mikataba ya huku haifutwi kwa jeraha. Kama usajili, hata hivyo, ulilipia kilichokwishapita.

Na wale wa "tungembakiza Rendon": Mark Lerner, mmoja wa wenye timu, alishasema hadharani mwezi ule kwamba uwezo ni wa mmoja kati ya wale wawili. Wiki ile ile Rendon akasaini na Angels, milioni 245 kwa miaka saba, sawasawa na Strasburg hadi dola ya mwisho, wakala wao pia mmoja, Scott Boras. Tangu hapo Rendon hajawahi kufikisha mechi 60 kwa msimu mmoja. Kwa hiyo jibu sahihi Desemba ile lilikuwa kumwacha huyu na huyu, kupiga makofi, na kuwaaga. Meneja gani angethubutu kusema hivyo Washington wiki sita baada ya gwaride la kombe? Angehama mji.

Scherzer simjadili sana. Januari 2015, milioni 210 kwa miaka saba, nusu yake inalipwa kidogo kidogo hadi 2028. Tuzo mbili za Cy Young (mrushaji bora wa mwaka) akiwa kwetu, kombe, na alipobakiza miezi miwili ya mkataba bado alikuwa na thamani ya kubadilishwa. Huo ndio usajili bora niliowahi kuushuhudia kwa timu yoyote, kama mnabisha leteni mwingine.

Soto ndiye anayeniuma. Kuna mzee mmoja Mdominika tunafanya naye kazi, Julai 2022 iliposikika kwamba Soto kakataa milioni 440 kwa miaka 15, vijana wote wa zamu walimwita Soto mwenda wazimu. Mzee akatuambia, "Mwacheni mtoto, anajua bei yake." Agosti 2 akapelekwa San Diego pamoja na Josh Bell, mzee akashinda kimya siku nzima, na kofia ya Nationals sijaiona tena kichwani pake. Desemba 2024 Mets wa New York wakampa Soto milioni 765 kwa miaka ile ile 15. Mzee alikuja kazini na donati za kutugawia sote.

Lakini tuangalie walichopata waliomgusa. Padres, yaani San Diego, walimtumia msimu mmoja na miezi miwili, wakaona hawatamudu kumbakiza, wakamhamishia Yankees wa New York. Yankees walimtumia mwaka mmoja, wakafika World Series ya 2024, wakafungwa na Dodgers, akaondoka. Mets walimpata kwa fedha bila kutoa mchezaji kwenye mabadilishano, na mwaka wake wa kwanza alipiga homurani 43, timu isiingie hata mtoano. Sisi tulipata CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood kwenye kifurushi kimoja. Abrams akaenda All-Star, mechi ya nyota wa ligi, 2024, Gore na Wood 2025. Mniambie ni mabadilishano gani ya nyota mmoja yaliyozaa All-Star watatu. Mabadilishano yalikuwa mazuri. Kilichoharibika ni vijana kuachwa bila watu wazima wa kuwazunguka, na ndiyo maana 2025 tukamaliza 66-96, na Julai yake Mike Rizzo, mkuu wa usajili, na kocha Davey Martinez walifukuzwa siku moja.

Watu wazima hao ndio hamuwaongelei kabisa kwenye uzi huu. Kendrick aliyegonga nguzo alikuwa na mkataba wa milioni 7 kwa miaka miwili. Daniel Hudson, aliyerusha mpira wa mwisho kabisa Houston, Machi ile alikuwa ameachwa na Angels, tukamchukua kutoka Toronto Julai 31 kwa kijana mmoja wa ligi ndogo. Na Turner? Alikuja kwa mpango wa timu tatu Desemba 2014 uliomwondoa Steven Souza, yule aliyeruka kuudaka mpira wa mwisho wa mechi ya historia ya mrushaji wetu Jordan Zimmermann, ambayo wapinzani hawakupata hata pigo moja safi. Mashabiki walichukia kweli kweli. "Mnamtoa shujaa wetu kwa mtoto wa chuo?"

Kuhusu pochi nitakuwa mfupi. Ni kweli familia ya Lerner ilibana, waliiweka timu sokoni 2022 na kufikia 2024 wakasema hawauzi, na katikati hapo hakuna anayewekeza vizuri. Ni kweli pia ugomvi wa haki za televisheni na jirani zetu Orioles wa Baltimore ulichukua miaka mingi. Ila mdau aliyesema Dodgers "wamegundua" kuahirisha malipo kwa Shohei Ohtani, milioni 700 huku akilipwa mbili tu kwa mwaka kwanza, asome tena mkataba wa Scherzer. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo 2015.

Je, wasajili nyota sasa hivi? Hapana. Wood alianza Julai 2024, maana yake tunaye hadi mwisho wa 2030. Nyota wa milioni 200 akija leo, miaka yake ya moto itaishia kwenye timu ya ushindi 70. Mimi msimu huu nataka mdakaji mzoefu, mrushaji mmoja wa kumaliza mechi, na mzee wa miaka 34 kama Kendrick ambaye watoto watamsikiliza. Corbin mwingine aje 2028, na akifika nitamtetea pia akianza kushuka.

Mwenye hoja ya Strasburg aje nayo. Habari za Harper tafadhali pelekeni kwenye ule uzi mwingine, huku tutagombana hadi Pasaka.