Re: Fomu za uangalizi hazionyeshi ukatili dhidi ya wagombea wanawake

Salaam ndugu. Nilivyokuelewa, fomu za waangalizi wako wa uchaguzi zinarudi safi kabisa, bila ukatili wowote, huku wagombea wanawake wakijitoa mmoja baada ya mwingine.

Anza kuangalia tarehe. Kama waangalizi wanaingia kazini kampeni zikishaanza, wamechelewa. Wanawake wengi huchujwa kwenye kura za maoni ndani ya chama. Halafu soma swali lenyewe. "Kulikuwa na fujo kituoni?" halimgusi mgombea aliyetengenezewa picha za uchi mtandaoni, wala aliyetishiwa talaka na mumewe.

Mimi huongeza safu mbili tu kwenye fomu: jinsia ya aliyetendewa ukatili, na uhusiano wake na mtenda. Hii ya pili ndiyo inayoumbua, maana mtenda mara nyingi ni mwanachama mwenzake, si mpinzani.

Waliojitoa, watafute. Barua ya kujitoa itasema "sababu za kifamilia", basi. Kwa kila mmoja, tuma mwangalizi mwanamke azungumze naye bila meneja wake wa kampeni kukaa pembeni, na asianze na neno ukatili. Aulize: nani alikushauri ujitoe, na alisemaje? Jina lisiandikwe kwenye fomu. Tumia namba, orodha ya majina itunzwe kwingine. Na tafadhali, msitumiane fomu hizo kwenye grupu la WhatsApp.

Mkubwa wako akidai ya nyumbani si ya uchaguzi, mwonyeshe ibara ya 7 ya CEDAW, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1979 wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake: inazitaka nchi ziondoe ubaguzi huo katika siasa na maisha ya umma.