Kulinganisha protini za bakteria kwa jeli, hasa ukiwa Mbeya

Ubora wa jeli ya protini huamuliwa kabla hujawasha umeme. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalowaambia vijana wanaokuja maabara na bakteria waliowatoa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage, wakitaka kujua kama wa Uyole wanafanana na wa Tukuyu. Njia yenyewe ni ile aliyoieleza Ulrich Laemmli mwaka 1970: SDS, kemikali ya jamii ya sabuni, huikunjua protini na kuivika chaji hasi, umeme huivuta ndani ya jeli, na zilizo ndogo hutangulia mbele.

Anza na ukuaji. Bakteria walewale, wakivunwa wachanga na wakivunwa wamechoka, hutoa michoro miwili tofauti, nawe utadhani umepata aina mbili. Waoteshe kwenye chakula kimoja na joto moja, kisha uwavune wanapofikia kipimo kilekile cha spektrofotomita, kifaa kinachopima kwa mwanga wingi wa bakteria. Usifuate saa, kwa sababu wengine huota polepole. Halafu waoshe vizuri. Bakteria wa vinundu wana ute mwingi, na ute huo ukichanganyika na DNA ya seli zilizopasuka, sampuli huvutika kama mlenda na kugoma kutulia kisimani, yaani kwenye kishimo cha jeli kinachopokea sampuli. Ipitishe kwenye sindano nyembamba mara kadhaa mpaka ilegee, kisha uizungushe kwenye sentrifuji. Maji ya kuoshea yawe ya chumvi ya kawaida. Bafa (mmumunyo unaotuliza kiwango cha asidi) yenye potasiamu huigandisha SDS.

Pima kiasi cha protini kwa njia ya Bradford, ya rangi inayobadilika ikikutana na protini, kabla hujaweka bafa ya sampuli, ambayo ina SDS, kwa kuwa SDS huvuruga kipimo hicho. Kila kisima kipate kiasi sawa. Mikrogramu 10 hadi 20 hutosha kwa rangi ya Coomassie, ile inayoonyesha protini kama mistari kwenye jeli. Hapa siwezi kulegeza. Bila usawa huo, mstari mnene haukuambii lolote kuhusu bakteria, unakuambia tu kwamba mkono wako ulimimina zaidi.

Sasa baridi yetu. Asubuhi za Juni na Julai utaikuta chupa ya SDS imejaa vipande vyeupe. Haijaharibika: iweke kwenye maji ya uvuguvugu, itikise taratibu mpaka iwe angavu, ndipo uitumie. Akrilamidi, kemikali inayotengeneza jeli, nayo hukawia kushika kwenye baridi. Wengi hukimbilia kuongeza TEMED, kemikali inayoharakisha kushika huko. Mimi nashauri utoe chupa kwenye friji mapema zipate joto la chumba, na utumie APS, kemikali inayoanzisha kushika, iliyoyeyushwa siku hiyohiyo. Na glavu zisivuliwe: akrilamidi ambayo bado haijashika ni sumu ya mishipa ya fahamu, na hupenya ngozi.

Kuna swali la kuchemsha sampuli pia. Maelekezo mengi husema nyuzi 95 kwa dakika tano. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi 94. Usihangaike kuisubiri themometa ipande. Hesabu dakika tano tangu maji yatokote, na sampuli zote ziingie na kutoka pamoja.

Umeme ukikatika katikati, andika saa uliyokatika na saa uliyorudi. Umeme ukichelewa sana kurudi, mistari husambaa, ile ya protini ndogo ikitangulia, na jeli hiyo usiitumie kulinganisha.

Wakati wa kusoma, linganisha safu zilizo kwenye jeli moja, na alama za vipimo, yaani protini zenye ukubwa unaojulikana, ziwepo kwenye kila jeli. Mistari miwili iliyo sawia inaonyesha protini zenye ukubwa unaokaribiana. Haithibitishi kwamba ni protini moja. Kwa hiyo ukiona mstari ulioko Uyole na haupo Tukuyu, rudi kwenye kolonia (kundi la bakteria lililoota kwenye sahani), otesha upya wote wawili, na uwapitishe tena bega kwa bega. Mstari ukijitokeza palepale, uandike kwenye ripoti pamoja na ukubwa wake kwa kilodaltoni, kipimo cha uzito wa protini.