Eti bila kusafiri huwi mwandishi? Haya, kaa nikwambie

Juzi nimepata meseji ya mdogo wangu mmoja wa Micheweni, ananambia, "Dada, nakusoma tangu hadithi zako za kwenye grupu, na mie nataka kuandika, lakini sijavuka hata kufika Unguja, weye kila siku uko Dubai mara China, sasa mie ntaandika nini?" Nimeisoma niko dukani Mlandege nafungua marobota, nikacheka kwanza, halafu ikanichoma, kwa sababu hilo neno, kwamba ya kwetu hayafai kuandikwa, mie nishaambiwa zamani, tena na mtu mzima aliyekaa kwenye kiyoyozi.

Mswada wangu wa kwanza niliupeleka kwa wachapishaji wa bara, sitowataja. Ukakaa hata nikausahau, mwisho mhariri akanipigia akasema hadithi ya wachumaji karafuu wa Wete haina soko, na Kiswahili changu kina Upemba mwingi, nikipunguze. Nikipunguze! Lugha alonilelea bibi yangu nipunguze kama chumvi. Mpaka leo nikipita mjini mwao roho hunichemka, na wala sijui kama yule bwana anakumbuka. Nikasema basi, ntachapa mwenyewe, na pesa ya kuchapa sina, nilokuwa nayo ni mtaji wa mitandio tu, ndo nikaingia safari za biashara, Dubai kwanza pale Deira, halafu Guangzhou, halafu Laleli kule Istanbul. Kwa hivyo tuelewane, sikusafiri ili niandike. Nimesafiri nipate pesa ya kukilipa kiwanda cha uchapaji, uandishi ukadandia humo humo.

Watu wanadhani ukifika China utaandika China. Wapi! Pale Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wanaofikia Waafrika wengi, mchana kutwa ni kikokotoo na kuvutana bei na kuhesabu katoni, usiku umelala kitandani miguu imevimba, na hapo ndipo kichwa kinapojipeleka Wete chenyewe. Ile sehemu ya karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, mvua hiyo inakuja, watu wote mbio kuanua na mama mkwe naye yumo mtandio umeshamdondoka hata hana habari, ambayo wasomaji bado wananitumia vicheko kwa ajili yake, niliiandika Guangzhou, juu ghorofani, dirishani naona taa tu. Ningekuwa nyumbani nisingeiandika. Wakati wa mavuno pale Wete harufu ya karafuu huisikii, ishaingia kwenye nguo na kwenye chai, mpaka ufike mahali haipo ndo inakurudia puani.

Na msinione mie najisifu, walonitangulia ni hivo hivo. Bibi Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, aliondoka Unguja 1866 akaenda kuolewa na Mjerumani, kumbukumbu zake zikatoka 1886, na sehemu kubwa ya aliyoyaandika ni Mtoni alikozaliwa na majumba ya kifalme ya huku. Abdulrazak Gurnah kaondoka Zanzibar miaka ya 1960, riwaya yake ya kwanza imetoka 1987, na hata baada ya Nobeli ya 2021 mwambao wetu haumtoki. Hesabuni wenyewe hiyo miaka iliyopita katikati. Sasa nyie mnaoniuliza eti mkikaa wiki moja Dubai mtarudi na riwaya, hebu tulieni.

Lakini Muscat, hapo naomba nisiseme uongo, Muscat imenifunza kuandika mazungumzo. Nina shangazi kule, na nyumbani kwake jioni wanakuja wazee walotoka huku baada ya Mapinduzi ya 1964, wananywa kahawa na halua, wanasema Kiswahili ambacho mie nilikisikia kwa bibi tu na nikadhani kimezikwa naye. Bibi mmoja akaniuliza duka fulani la Darajani kama bado lipo, akalitaja kwa jina la mwenyewe, na kona yake, na mtoto wa mwenye duka alivyokuwa mkorofi, mie naishi mjini na sikuwahi kulisikia. Kuwarekodi ni ukosefu wa adabu, kwa hivyo nasikiliza, halafu naaga naenda msalani naandika kwenye simu mbio mbio. Shangazi alishaanza kuniuliza kama tumbo langu zima.

Haya, mnataka ushauri, ushauri wangu wa kwanza ni begi. Sie wafanya biashara tunakwenda na mabegi matupu na kurudi yamejaa, sasa hilo begi la kilo 23 linakwenda tupu la nini? Tia vitabu. Muscat wanangojea kitabu cha Kiswahili kwa hamu, wananunua kwa bei ambayo hapa nikiitaja watu wananuna, na hiyo ndo ilorudisha gharama za kitabu changu cha pili. La pili, China WhatsApp imefungwa, na Facebook, na Google, kwa hivyo pakua VPN, ile programu ya kufungulia mitandao iliyofungwa, ukiwa bado huku. Mie naandika hadithi kwa sehemu, watu wanalipia kwa simu ndo nawatia kwenye grupu, ukikaa kimya siku mbili tu tayari wewe ni tapeli, na watu wanaotukana kwa Kiswahili safi utawajua hapo. Siku hizi naacha sehemu tatu kwa mdogo wangu azirushe yeye. La tatu, transiti, pale unapongojea ndege ya pili. Addis ukilala uwanjani usiku mzima wenzio wanaangalia tamthilia, weye andika. Narudia, andika.

Na jamani tuache kuoneana wivu na hizi picha za uwanja wa ndege. Mtu anaposti kikombe cha kahawa Istanbul, hana hata ukurasa, lakini anaitwa mwandishi wa kimataifa, na aliyekaa Konde anaandika kwenye daftari la shule haitwi kitu. Allah ametugawia riziki tofauti, wengine nauli, wengine masikio. Yatumie ulopewa.

Sasa mdogo wangu wa Micheweni, weye kama husafiri, basi nenda bandarini Mkoani siku ya boti. Nenda mapema, ukae kwenye ngazi pale abiria wanaposhuka, usikilize watu wanavyopokeana, nani analia, nani anauliza mzigo kabla ya salamu. Usiandike pale pale, rudi nyumbani ulale. Kisha andika Kipemba chako kama kilivyo na unitumie mie kwanza kabla hujampa mhariri yoyote, na tafadhali usinitumie voisi, dukani kuna kelele, andika. Na nyie wa grupu, sehemu mpya ni Ijumaa baada ya swala, kwa walolipa.